"Mama, hayo ni makaratasi tu": murabaha yangu Dodoma

Hasira bado zimenikaba, mnisamehe. Niliingia kwenye dirisha la Kiislamu, yaani huduma zisizo na riba, la benki moja hapa Dodoma mjini, nikitafuta mashine ya kukamua alizeti kwa murabaha, benki inunue kwanza kisha iniuzie. Ilikuwa karibu na mavuno, mwezi siukumbuki. Nikapokewa na kijana mpole, kofia kichwani, salamu kaifikisha mpaka wabarakatuh. Akanisogezea karatasi. "Saini hapa mama, hela itaingia kwenye akaunti yako, ukanunue mwenyewe."

Nikasoma. Eti benki imeshanunua mashine, imeimiliki, na mimi nimeipokea. Mashine ipi? Ile ilikuwa bado Majengo, dukani kwa mwenyewe! Nikamuuliza, mwanangu, benki imeinunua lini? Akacheka.

"Mama, hayo ni makaratasi tu. Tukifuata kila kitu wateja watakimbia."

Watakimbia! Mteja si ndiye mimi? Na kilichonileta ni hicho hicho anachokiita makaratasi. Murabaha ni benki inunue kitu, kiwe mikononi mwake, kikiharibika kabla haijanikabidhi hasara ni yake. Ndipo iniuzie kwa faida ninayoijua. Ukiitoa hatua hiyo imebaki hela kwa hela na nyongeza juu. Riba iliyovaa kanzu. Hiyo si ningeifuata benki ya jirani tu, tena kwa marejesho nafuu?

Nikagoma kusaini. Akatoka mzee mmoja ofisi za nyuma, akaisoma, akamtazama kijana bila neno. Wakaanza upya: benki ikanunua, ankara kwa jina lake, mashine ikaletwa. Lakini wiki zikapita! Alizeti ya bei ya shambani ikaniponyoka, magunia nikayanunua kwa walanguzi kwa bei ya kuumiza. Kwa hiyo kijana alikuwa na hoja? Labda kidogo. Hapana, sikubali. Ankara moja kulala mezani wiki nzima, hiyo ni sharia au ni uvivu?

Nilikuwa nimeshaapa kuwaambia msikanyage pale. Ila baadaye nilichelewesha marejesho, na deni halikuongezeka hata shilingi. Faini niliyotozwa haikuingia kwenye faida yao. Nilipodai kujua imekwenda wapi, yule mzee akanionyesha stakabadhi ya kituo cha yatima. Nikanywea. Hata akiba yangu nimeihamishia huko, kwa mudharaba: wao wanaifanyia biashara, faida tunagawana.

Kijana bado yupo. Mimi napanga foleni ya pili, hata ikiwa ndefu.