Miezi mitatu na msaidizi wa akili unde kwenye orodha yangu ya kazi

Mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Dar es Salaam. Nina wateja tisa, wengi wao wenye maduka, na mwezi wangu unaendeshwa na tarehe mbili: tarehe 7, ambayo makato ya PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara ya wafanyakazi) ya mwezi uliopita yanapaswa kuwa yamelipwa, na tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Kazi hizo zote nimezihifadhi katika programu ya orodha ya kazi kwenye simu, na miezi mitatu iliyopita niliiunganisha na msaidizi wa akili unde ili niweze kumwagiza kwa maneno ya kawaida badala ya kujaza kila kitu kwa mkono.

Kuunganisha hakukunichukua hata dakika kumi. Pande zote mbili zinatumia MCP, utaratibu wa wazi wa kuunganisha wasaidizi wa akili unde na programu nyingine, uliotolewa na kampuni ya Anthropic Novemba 2024. Niliingia kwenye akaunti yangu, nikakubali msaidizi asome na kuandika, ikawa imekwisha. Tangu hapo, kila anapotaka kugusa orodha hujitokeza kisanduku chenye chaguo tatu: kuruhusu mara hii, kuruhusu daima, au kukataa.

Kisanduku hicho kiliniokoa siku ya kwanza. Niliandika, "Nikumbushe kumpigia mwenye duka la vipuri kesho saa tatu asubuhi kuhusu risiti za EFD," (risiti za mashine ya kielektroniki ya kodi), na ombi lililokuja likasomeka 03:00, yaani saa tisa usiku! Nilikataa, nikamweleza kwamba sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, naye akarekebisha kuwa 09:00. Kanuni hiyo sasa nimeiweka katika maelekezo yake ya kudumu, na hukosea mara chache tu, hasa ninapotaja saa bila kusema ni ya asubuhi au ya jioni. "Kesho kutwa," kwa mshangao wangu, hajawahi kuikosea.

Kilichonitia hasara ya usingizi kilitokea baadaye, nilipokwisha kuzoea kubofya "Ruhusu" kama mtu anayefukuza nzi. Jioni ya tarehe 5, nikiwa nimesimama ndani ya daladala ya Mbagala, nilimwagiza azifunge kazi za mteja mmoja wa vitambaa. Yalikuja maombi manne, kila moja likionyesha namba ndefu ya utambulisho mahali ambapo ningetarajia jina la kazi, nami nikayaidhinisha yote. Mojawapo ilikuwa PAYE ya mteja mwingine kabisa. Kwa kuwa kazi hiyo hujirudia kila mwezi, kuikamilisha kuliihamishia tu tarehe 7 ya mwezi unaofuata, ikatoweka machoni pangu bila kuacha dalili yoyote. Niligundua asubuhi ya siku ya mwisho, mteja mwenyewe aliponipigia kuuliza kama namba ya kumbukumbu ya malipo iko tayari. Tuliwahi, lakini kwa jasho.

Kosa lilikuwa langu kwa sehemu, ila siwezi kuusifu utaratibu unaoniomba idhini ya jambo ambalo haunionyeshi. Tangu siku ile nimempa ruhusa ya daima ya kusoma tu, kwa sababu kusoma hakuharibu orodha. Kabla ya kukamilisha au kufuta chochote, nimemwagiza anitajie kwanza katika mazungumzo jina la kazi, mteja na tarehe, ndipo alete ombi lake. Hunipotezea muda kidogo, na bado ni nafuu kuliko kujaza orodha mwenyewe, hasa mwanzoni mwa mwezi ninapomsomea ujumbe wa wateja naye akaugawa kuwa kazi kumi na zaidi kwa mkupuo.

Kazi mpya bado naziidhinisha moja moja, saa nikiisoma kwa sauti kabla ya kubofya. Mke wangu ameshazoea kunisikia sebuleni nikisema peke yangu, "09:00, sawa."