Uzoefu wangu na dawa ya kuandalia fulana isiyoacha madoa, baada ya masika mawili Unguja

Ninachapisha fulana katika kiduka kidogo hapa Mlandege, kwa mashine inayorusha wino moja kwa moja juu ya kitambaa. Wateja wangu wengi ni timu za mpira, skuli na vikundi vya resi za ngalawa, na karibu wote wanataka fulana za rangi nzito. Yeyote aliyeingia katika kazi hii anajua kwamba fulana nyeusi au nyekundu haiupokei wino mweupe mpaka ipuliziwe dawa kwanza, na kwamba dawa hiyohiyo ndiyo inayoacha doa la mraba kifuani ambalo mteja huliona kabla hajaiona picha yenyewe. Dawa ninayoieleza hapa inauzwa ikiwa imeshachanganywa, katika madumu ya lita 5, na juu ya dumu imeandikwa kwamba haiachi madoa. Nimeitumia kwa masika mawili, na maoni yangu ni kwamba maneno hayo ni kweli kwa kiasi kikubwa, ila ukweli wake unategemea sana mkono wa anayeitumia.

Kabla ya hapo nilikuwa nikinunua dawa nzito, ya kuchanganya mwenyewe, kwa muuzaji mmoja wa Dar es Salaam. Hakuniambia, nami sikuuliza, kwamba maji ya kuchanganyia yanapaswa kuwa yaliyokenekwa, yale tunayoyaita maji ya betri, yasiyo na asidi. Nilitumia maji ya kisima chetu, ambayo kwa sababu ya mawe ya matumbawe yana chokaa na chumvi unayoisikia ulimini. Skuli moja ikaniagizia fulana 24 nyekundu za michezo. Maalim alipokuja kuzichukua aliitandaza moja juu ya meza, akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa doa, kuanzia begani mpaka tumboni, akaniambia: "Mwanangu, watoto hawa watavaa fulana zenye kiraka?" Nilimwomba anipe siku mbili. Nilizifua zote kwa mkono katika maji baridi, na nyingi zilitakata, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa hii huyeyuka katika maji. Tano hazikutakata, nikazilipia.

Tangu siku hiyo nilitaka kujua doa linatoka wapi. Dawa yenyewe ni chumvi, mara nyingi za kalsiamu, pamoja na gundi laini, vikiwa vimeyeyushwa katika maji. Chumvi inaugandisha wino mweupe pale pale unapoangukia, ili usizame ndani ya nyuzi, na gundi inaushikisha usitoke unapofuliwa. Dawa ikipungua, weupe unakuwa wa kijivu; ikizidi, inakauka juu ya kitambaa kama ganda linalong'aa na kukakamaa. Tena chumvi hizi zina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, na sote tunajua hewa ya Unguja ilivyo kuanzia Machi hadi Mei, wakati hata chumvi ya mezani inapogandamana ndani ya kikopo.

Kwa fulana nyeusi za pamba tupu, dawa hii mpya imenifurahisha kweli. Ikikauka haing'ai, harufu ya siki inayopanda wakati wa kupiga pasi ni ndogo kuliko ya ile ya zamani, na ukiitazama fulana ubavu, dhidi ya mwanga wa mlangoni, huoni mahali dawa ilipoanza wala ilipoishia. Lakini matokeo hayo nimeyapata baada ya kuacha kukadiria kwa macho. Naiweka fulana juu ya mizani ya jikoni, nasoma uzito, napulizia, kisha naipima tena. Kwa eneo la sentimita 35 kwa 40 nataka iongezeke gramu 20 hivi. Mwanzoni nilishangaa kuona kwamba mkono wangu, niliouamini kwa miaka, ulikuwa ukimwaga karibu gramu 35. Ziada ile yote ndiyo iliyokuwa doa.

Namna ya kupulizia nayo ina uzito wake. Bomba linakaa umbali wa kama sentimita 25, linakwenda bila kusimama juu ya kitambaa, na mkono unavuka ukingo wa picha kidogo huku ukipunguza, ili dawa ififie polepole badala ya kukatika kwa mstari. Baadaye napitisha brashi laini kulaza malaika ya pamba, kwani yakisimama wino unapasuka. Tundu la bomba likiziba nusu hutoa matone makubwa, na kila tone ni doa lake peke yake, kwa hiyo nalisafisha kwa maji ya uvuguvugu kila jioni bila kukosa.

Hata hivyo, madoa mengi niliyowahi kuyapata hayakuzaliwa kwenye bomba, yalizaliwa kwenye pasi ya mashine, lile bamba la moto linaloshuka juu ya fulana kuikausha dawa. Maelekezo ya dumu yanasema nyuzi 165 kwa sekunde 35, na ukifuata hivyo tu kwa kuifunga pasi juu ya kitambaa kilichorowa, mvuke hauna pa kutokea; unakimbilia pembeni, unaibeba dawa, na unapokauka unaacha mstari kuzunguka eneo zima, kama alama inayoachwa ufukweni maji yanapokupwa. Ninachofanya sasa ni kuikausha fulana mara mbili. Kwanza, kabla ya dawa, naibana kwa sekunde chache kuondoa unyevu iliokuja nao kutoka ghalani. Baada ya dawa, nainamisha pasi bila kuigusisha, ikining'inia sentimita mbili au tatu juu, mpaka mvuke uishe kuonekana, ndipo naifunga nikiwa nimetandika karatasi ya kaki, ambayo inanyonya. Karatasi ya kuokea, ile inayoteleza, haifai kwa hatua hii kwa sababu inaufungia mvuke ndani. Naihifadhi kwa kukausha wino mwishoni. Karatasi iliyokwisha kutumika kwa dawa siirudishi juu ya fulana nyingine, maana inahamisha mabaki.

Ahadi ya dumu inapungukiwa kwenye nyekundu, zambarau na buluu inayowaka. Hapo tatizo si wingi wa dawa, ni rangi ya kiwandani yenyewe, ambayo ikikutana na dawa na moto hubadilika, na unaona mraba uliokoza au uliopauka hata ukiwa umepima gramu kwa usahihi. Fulana za kiwanda kimoja zinapita salama, za kingine zinaharibika, ingawa zote zimeandikwa pamba. Kwa rangi hizo napulizia kwanza upindo wa ndani wa fulana moja, napiga pasi, nangoja ipoe kabisa, kisha naamua. Likitokea doa jepesi, naligusa kwa kitambaa chenye maji safi na kupiga pasi tena. Likibaki, namwambia mteja kabla ya kupokea malipo ya awali kwamba litapungua atakapofua mara ya kwanza, na kama haridhiki namshauri achague buluu nzito au nyeusi. Fulana zenye poliesta siziweki kabisa katika dawa hii.

Nina lalamiko moja kwa watengenezaji: maelekezo yote ni ya Kiingereza, na kijana wangu wa dukani ilibidi niyaandike upya kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani, pamoja na onyo ambalo wao hawakuliandika, kwamba dumu likishafunguliwa lifungwe mara baada ya kumimina. Bei yake ni kubwa kuliko ya dawa ya kuchanganya, lakini dumu moja la lita 5 linanipa zaidi ya fulana 200 kwa kipimo cha gramu 20, na sijalipia fulana ya mtu tangu masika ya mwaka jana. Maalim yule amerudi mara mbili. Safari hii alichagua nyekundu tena, tukajaribu upindo wa fulana moja mbele yake, akasubiri ipoe.