Siku ya usalama mtaani: nilipeleka watoto wakaone gari la zimamoto, nimerudi nahangaika na funguo

Jumamosi tulikuwa kwenye siku ya usalama wa familia hapa Moshi, Majengo, kiingilio bure, na kusema ukweli nilienda tu kwa vile watoto walishasikia kuna gari la zimamoto. Tangazo limesema saa tatu, mimi mjinga nikafika saa tatu, wameanza saa tano kasoro, muda wote huo ni mziki na spika wameielekeza kwenye turubai la kina bibi jamani. Hapo nawakata nyota moja.

Ila walipoanza sasa! Askari wa zimamoto kawasha mtungi wa gesi, huu huu mdogo wa kilo 6 tunaopikia, moto unatoka mdomoni, watu wanarudi nyuma wanakanyagana, yeye wala, kachukua blanketi limelowa maji chapachapa, kalishika mbele likinge mikono, kafunika, kafunga koki, kwisha. Akaitwa mama muuza chipsi naye afanye, mikono inamtetemeka lakini kazima, vigelegele hivyo. Tukaambiwa ukisikia harufu ya gesi usiku usiguse swichi, si kuwasha si kuzima, gesi nzito kuliko hewa inatuama huko chini, fungua milango utoke. Na mimi miaka yote nawasha taa nione inavuja wapi 🙈

Halafu akauliza, usiku funguo ya grili inalala wapi? Kimya. Nyumba zetu si mnazijua, madirisha nondo tupu, mlangoni geti na kufuli kwa kuogopa wezi. Mwanangu wa darasa la pili kanyoosha mkono, kapewa maiki, "kwetu inalala kwenye pochi ya mama, na pochi haturuhusiwi kushika." Watu wakacheka, mimi nilicheka kidogo.

Kasoro nyingine, vizima moto vya kujaribia viwili tu kwa umati ule, foleni tukaikimbia. Na kijana wa meza ya kuuza hivyo vizima moto anakwambia nunua uweke umemaliza, mpaka askari ndo akaja kusema kinakaguliwa, mshale wa kipimo cha presha ukitoka kwenye kijani hicho ni pambo. Huduma ya kwanza waliipitia mbiombio, ukiungua ni maji ya bomba dakika 20, dawa ya meno hapana, mama mkwe bado anabisha.

Namba ya zimamoto, 114, watoto wameishika, wanaiimba mpaka kero, mdogo alitaka kuipiga awasalimie.

Nyota nne, mwakani naenda tena ila saa tano. Funguo nimeipigilia msumari nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, mbali na dirisha mwizi asiivute kwa waya, na jana usiku tukazima taa tukajaribu. Funguo mwanangu kaipata chap. Kufuli ndo likagoma, lina kutu.