Chama cha msingi kilicholala: kufuta au kuunganisha?

Chama cha msingi cha ushirika, yaani kile cha wakulima wenyewe kijijini, kikikaa misimu kadhaa bila mkutano mkuu wala kupokea kilo moja ya kahawa, wakulima wa Mbozi wana njia mbili: kifutwe, au kiunganishwe na chama jirani kilicho hai.

Kufuta ni kazi ya Mrajis wa Vyama vya Ushirika, chini ya Sheria Na. 6 ya 2013. Si kama kampuni, ambayo Mahakama Kuu inaweza kuivunja ikisimamisha biashara mwaka mzima. Usajili ukishafutwa, Mrajis huteua mfilisi, naye hukusanya mali na kulipa wadai. Hapo ndipo roho yangu husita: ghala na mizani vilivyopatikana kwa jasho la wazee wetu vinaweza kuuzwa kulipia deni la mbolea. Walioshuhudia 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika, wanaujua uchungu huo, hata kama sheria ya 1982 ilivirudisha.

Kuunganisha kunaacha ghala mikononi mwa wanachama. Ila madeni nayo huhama, kwa hiyo hesabu zikaguliwe kwanza.

Mimi nachagua kuunganisha, mradi vitabu vya hesabu vipo. Vikiwa vimepotea, mfilisi aje mapema, kabla mabati ya ghala hayajaanza kung'olewa.