Ndoa ya jinsia moja: idaiwe kortini au kwa kura?

Barazani Shela, hapa Malindi, kahawa tungu ilipoa vikomboni watu wakibishana: wanaodai ndoa hii waende kortini au waombe kura?

Kwa gharama, korti ni nafuu: mawakili wachache, walalamikaji wawili. Afrika Kusini majaji waliamua 2005, sheria ikaja 2006. Kura inataka kubisha hodi mlango kwa mlango. Ireland walifanya hivyo 2015, wakapata asilimia 62, na ushindi wa namna hiyo jirani hawezi kusema ameburutwa. Taiwan je? Korti ilikubali 2017, wapigakura wakakataa 2018, bunge likapitisha 2019. Mzee mmoja akaweka kikombe chini: “Basi kura ya nini?”

Kwetu kuna kizingiti. Ibara ya 45 ya Katiba yataja ndoa ya jinsia tofauti, na sura ya haki haibadilishwi bila kura ya maoni. Anayetaka ndoa yenyewe, kortini atagonga mwamba. Anayetaka hatua ndogo, kusajili chama cha kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja tu, Mahakama ya Juu ilimfungulia mlango 2023. Na asiyeweza hata kujitaja mtaani kwao, nadhani njia zote mbili, korti na kura, bado ni mbali.