Darubini ipi ununue kwa ajili ya kurekodi Apophis mwaka 2029

Tarehe 13 Aprili 2029 asteroidi Apophis, mwamba wenye upana wa mita zipatazo 340, itapita kilomita 32,000 hivi kutoka uso wa dunia, nayo itaonekana kwa macho matupu. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuirekodi hahitaji kioo kikubwa cha kukusanya nuru. Kitakachomsumbua ni mwendo: itakapokuwa karibu kabisa, itavuka upana wa mwezi mpevu, yaani nusu digrii, kwa muda wa dakika moja hivi.

Kwa kigezo hicho naitanguliza darubini ya lenzi yenye kipenyo cha milimita 80 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi taswira inapoundwa) wa milimita 400. Ikifungwa kamera ya lenzi za kubadilisha, huonyesha zaidi ya digrii 3 za anga, kiasi kwamba hata kwa kasi hiyo asteroidi itachukua dakika sita hivi kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Usibane fedha kwenye stendi. Iwe ya mota na nzito, kwani stendi legelege hutikiswa hata na upepo mdogo wa uani.

Ya pili ni darubini janja kama Seestar S50, ambayo ina kamera na betri ndani yake na huongozwa kwa simu. Ni rahisi kwa anayeanza, ila eneo lake la anga ni dogo, na kwa kawaida hufuata nyota, si kitu kinachozipita mbio.

Darubini ya Dobson, yaani ya kioo iliyokaa juu ya kitako sahili cha kuzungushwa, yenye kipenyo cha milimita 200, naipenda mno kwa kutazama, lakini kwa kurekodi naiweka ya tatu, kwa kuwa ya kawaida husukumwa kwa mkono. Zile za bei nafuu zinazojinadi kukuza mara 500 usizinunue kabisa.

Kwetu Afrika Mashariki Aprili ni masika, hivyo pendelea vifaa vinavyoingia kwenye gari na kutumia betri, ili uweze kulikimbia wingu. Aidha, usingoje saa 6:46 usiku wa kuamkia tarehe 14, ambapo itakuwa karibu zaidi, juu ya Atlantiki. Kabla ya hapo itakuwa imekwisha kukatiza Bahari ya Hindi na Afrika, kwa hiyo anza kurekodi mapema, giza linapoingia.