Filta ya sponji na pampu ya hewa kwa uduvi wekundu: uzoefu wangu, Nakuru

Nyota nne kati ya tano. Filta yenyewe sina ugomvi nayo. Nyota moja nimeikata kwa kitu kilichokosekana kwenye boksi, na kwa uongo ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo.

Ndani mna filta ya sponji mbili, pampu ndogo ya wati 3 na mpira wa mita 2. Naitumia kwenye tangi la lita 30 lenye uduvi wekundu, Neocaridina davidi, jamaa wa mbali wa ochong'a, uduvi wadogo wa Ziwa Victoria.

Kwa uduvi sijaona filta ya kuishinda hii. Zile za mota hufyonza vichanga, maana uduvi anapoanguliwa ana urefu wa milimita 2 hivi. Hii huendeshwa na mapovu: yakipanda bombani huvuta maji kupitia sponji polepole, na hakuna tundu la kumeza mtoto. Mulika tochi usiku utawakuta wamejazana juu ya sponji, wanachokora utando na kupeleka mdomoni, mikono haitulii. Filta imegeuka sahani.

Sasa kasoro. Hakuna vali ya kuzuia maji kurudi. Stima ikipotea na pampu iko chini ya usawa wa maji, maji hurudi kwa mpira, huingia kwenye pampu, kisha hushuka hadi kwenye ekstensheni. Nunua vali kando, mshale uelekee tangini, au tundika pampu juu ya tangi. Inanguruma pia, kipande cha patipati kuukuu chini yake hutuliza.

Karatasi nayo inasema weka uduvi baada ya saa 24. Usithubutu! Saa 24 zinaweza kutoa klorini, lakini sponji bado haina bakteria wa kula amonia, sumu itokayo kwenye kinyesi na mabaki ya chakula. Iache ifanye kazi wiki 4 hadi 6, ukitupia punje chache za chakula cha samaki kila baada ya siku mbili. Uduvi waingie amonia na nitraiti (sumu nyingine, amonia hugeuzwa kuwa hiyo na bakteria) zikisoma 0 kwenye kipimo cha maji. Ukipata sponji iliyokomaa kutoka tangi lenye afya, ikamulie juu ya yako, utapunguza kungoja.

Jambo ambalo karatasi haingelijua ni maji yetu. Visima virefu vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ile inayotia meno rangi ya kahawia. Mara nyingi maji hayo huwa na bikabonati ya sodiamu tele na kalsiamu kidogo, yaani KH (kipimo cha bikabonati) juu, GH (kipimo cha kalsiamu na magnesiamu) chini. Uduvi hujenga gamba kwa kalsiamu. Ikikosekana anakwama akijivua gamba kuukuu: pete nyeupe hutokea nyuma ya kichwa, na mara nyingi hufa. Changanya na maji ya mvua kushusha KH (yasiwe ya mabati mapya, zinki huua), kisha pandisha GH hadi digrii 6 au 8. Gramu 1 ya jasi (kalsiamu salfeti) safi ya daraja la chakula katika lita 30 huongeza takriban digrii 1. Fanya hivyo ndani ya ndoo, si tangini wenyewe wakiwemo.

Mpira una kazi ya pili. Ufunge fundo, uchuruzishe maji ya tangi kwenye chombo chenye uduvi wageni ili wayazoee, matone 2 kwa sekunde, saa moja au mbili. Anza na uduvi 10 au zaidi ili upate jinsia zote mbili. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya mkia, akiyapepea, kwa takriban siku 30 maji yakiwa nyuzi 22 hadi 24. Baridi ya Nakuru huchelewesha tu. Kisumu shida ni joto: maji moto hushika oksijeni kidogo, kwa hiyo huko mapovu yasizimwe.

Kumbuka pampu huvuta hewa ya chumba. Ukipuliza dawa ya mbu chumbani, umeipuliza ndani ya tangi. Sukuma wiki ya kuwalisha, ikiwa imepigwa dawa shambani, nayo huua vivyo hivyo. Ioshe sana, ichemshe kidogo, na itoe baada ya saa chache.

Usafi ndio unaofanya nipende sponji mbili kuliko moja. Kamua ya kushoto leo, ya kulia baada ya wiki mbili, kwenye ndoo ya maji ya tangi. Maji ya mfereji yenye klorini huua bakteria. Na kabla ya kumwaga ndoo, iache itulie dakika kumi uchungulie chini: kwa kawaida kuna vichanga watatu wanne humo.